Mdomo Ulioinama Kushoto

Mke wangu ndiye aliyeutambua uso ule kabla yangu. Alikuja karakanani na kikombe cha chai, akasimama mlangoni akinitazama nikipuliza vumbi kwenye sanamu niliyokuwa nimeibana kati ya magoti. Akasahau hata kunipa chai.

"Baba watoto," akasema, "huyu si yule mzee wa ng'ombe?"

Nikaigeuza kuelekea mwanga. Kweli, alikuwa yeye. Paji lake pana, mashavu yaliyobonyea, kidevu kilichotangulia mbele kama mtu anayetaka kuuliza jambo. Sikuwa nimemkusudia. Nilikuwa nikifuata mti tu, siku baada ya siku, na mti ulikuwa umenifikisha kwake bila kuniambia.

"Lakini mbona mdomo umemwendea upande?" mke wangu akauliza.

"Ni fundo la mti. Patasi imekataa kupita hapo, nikalizunguka."

Akaniwekea chai juu ya benchi, akaondoka. Nami nikaendelea kukitazama kile kijisehemu cha mdomo kilichoteremka upande wa kushoto, kikiwa kimevutwa na fundo jeusi lililokaa shavuni. Nilikipenda. Kilimpa mzee sura ya mtu anayetaka kucheka na anajizuia.

Mimi ni fundi seremala, hapa Dongobesh, wilayani Mbulu. Natengeneza milango, vitanda, fremu za madirisha, na mtu akifiwa natengeneza jeneza. Kazi hizo nazifanya kwa futi na penseli, kwa sababu mlango ukikosea kidogo tu haufungi. Kuchonga ni jambo jingine. Nilipokuwa kijana nilikaa Arusha kwenye karakana iliyokuwa ikitoa twiga na vifaru vya kuuzia wageni. Tulikuwa na vipande vya katoni vilivyokatwa umbo la twiga, unaweka juu ya ubao, unachora, unakata. Twiga wote ndugu. Niliporudi nyumbani nilijiapiza kwamba ubao sitauchorea tena mnyama.

Kwa hiyo nachonga bila kujua kitakachotoka. Gogo nikishalipata naliacha karakanani muda mrefu. Nalikalia ninapokula, naliegemea, nalisukuma kwa mguu, hadi nilijue uzito wake na mahali linapopenda kulalia. Halafu siku moja, mchana kweupe, nafumba macho na kulipapasa. Mkono ukifika mahali usipotaka kuondoka, hapo ndipo naanza na tezo. Mara nyingine anatoka ndama aliyelala. Mara nyingine unatoka mgongo wa mwanamke na hakuna zaidi. Mara nyingine hakitoki kitu, gogo linakwenda jikoni.

Gogo la safari hii lilikuwa la mzeituni mwitu. Mvua kubwa zililishusha kwenye korongo nyuma ya shamba letu, nami nikalivuta kwa kamba nikisaidiwa na majirani. Mzeituni ni mgumu. Ukikauka unaweza kuvunja meno ya msumeno. Lakini ndani una michirizi myeusi na ya kahawia inayokwenda kama maji, na mtu mwenye subira akiifuata inampeleka mahali.

Yule mzee alikuwa mfugaji wa kule chini, uwandani, upande wa Mlima Hanang. Binti yake ameolewa huku kwetu, na kila alipopandisha ng'ombe mnadani alifikia kwa binti, na asubuhi ya siku ya kurudi alikuja kukaa karakanani kwangu kusubiri usafiri. Hatukuwa na undugu wala biashara. Alipenda harufu ya mbao, basi. Kiswahili chake kilikuwa na sauti ya kwao na changu kina sauti ya kwetu, lakini tulielewana. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia, "Marahaba, fundi," akaketi kwenye kigoda karibu na mlango, shuka lake limefunika magoti, fimbo imelala pajani. Alikuwa akinitazama nikichonga kama mtu anayemtazama ng'ombe anayezaa.

"Bado hajatoka?" aliniuliza siku moja.

"Bado, mzee. Hata sijui ni nani."

"Usimvute," akasema. "Ukimvuta ndama unaua mama yake."

Basi wiki ile ile ambayo mke wangu aliutambua uso, mwalimu mmoja wa kike, aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa mwingine, alikuja kuchukua kabati lake la vitabu. Akaiona sanamu pale benchini. Akafurahi sana, akaomba ruhusa, akaipiga picha kwa simu. Aliiweka kwenye status yake akaandika kwamba Mbulu kuna vipaji. Nilijisikia vizuri. Nilikuwa bado sijachonga sikio la kushoto, upande wenye fundo, lakini nikaona si kitu, picha imetoka.

Baada ya hapo ndipo bodaboda mmoja ninayemfahamu akasimama barabarani mbele ya karakana bila kuzima injini.

"Fundi, umesikia? Yule mzee rafiki yako wa Hanang ameanguka."

"Ameangukaje?"

"Ameanguka tu nyumbani kwake, akitoka zizini. Wanasema ni kiharusi. Mdomo umekwenda upande, mkono haufanyi kazi." Akaonyesha kwa uso wake, akauvuta mdomo kwa kidole.

"Upande gani?" nikauliza.

Akanitazama kama anayeshangaa swali lenyewe. "Wa kushoto, nadhani. Mkono wa kushoto ndio umekufa."

Akaondoka. Nikabaki nimesimama na msasa mkononi. Kulikuwa na jua, watu wakipita na mizigo yao, redio ya duka la jirani ikiimba. Niliingia ndani. Sanamu ilikuwa pale pale, ikinitazama. Nikajaribu kujidanganya: mtu ukimtazama uso kwa uso, kushoto kwake ni kulia kwako, pengine nilichanganya. Nikazunguka benchi, nikasimama nyuma ya sanamu, mgongo wake ukielekea tumbo langu, ili mkono wangu wa kushoto uwe upande wake wa kushoto. Nikaunyoosha mkono, nikaupapasa uso kutoka nyuma. Vidole vyangu vikaangukia kwenye fundo.

Nikaifunika kwa gunia.

Sikumwambia mke wangu, lakini hakukuwa na haja. Jioni ile ile picha ilikuwa imeshazunguka. Mtu aliyeiona kwa mwalimu alikuwa ameihifadhi, akaituma kwenye kundi la simu la watu wa kijiji, kisha ikashuka hadi Hanang. Chini yake waliandika: *Angalieni, hii ilipigwa kabla mzee hajaanguka.* Binti yetu anayesoma mbali alinipigia akilia. "Baba, wanasema nini hawa?" Sikujua nimjibu nini, kwa sababu walichokuwa wakisema kilikuwa kweli. Picha ilipigwa kabla.

Asiyewahi kuogopwa na majirani zake hawezi kujua jinsi jambo hilo linavyokuja. Halianzi kwa matusi. Mwenye duka alinipimia sukari, akaiweka mezani, akarudisha mkono wake haraka kabla sijanyoosha wangu. Watoto wa jirani, ambao walizoea kuokota maranda ya mbao karakanani kwangu kwa ajili ya kuwashia moto, walivutwa mashati na mama yao wakapitishwa upande wa pili wa barabara. Mtu aliyekuwa ameagiza fremu mbili za madirisha alituma ujumbe kwamba ameahirisha ujenzi. Kanisani tulikaa benchi letu la siku zote, na benchi likabaki na nafasi.

Halafu nikasikia neno lililoniumiza kuliko yote. Nilikuwa bombani, nyuma ya ukuta, wanaume wawili wakizungumza bila kujua nipo. Mmoja akasema, "Si ndiye anayetengeneza majeneza? Fundi anajitafutia kazi." Wakacheka kidogo, kicheko cha watu wanaoogopa. Nikaiacha ndoo yangu pale pale, nikarudi nyumbani mikono mitupu.

"Ichome," mke wangu alisema. Alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana, hakutaka kuingia. "Ichome leo. Moto jikoni unawaka."

"Nikiichoma, na mzee akifa leo leo, watasema nini?"

Akageuka kuutazama moshi wa jikoni.

"Watasema nimemchoma," nikamwambia. "Na nikiiacha akafa, watasema nilikuwa nimemfunga humu. Nikimalizia sikio, watasema nimemaliza kazi."

"Basi twende Maretadu kwa kaka yangu. Tukae huko mpaka mambo yapoe."

"Tukiondoka tutakuwa tumekubali."

Alikaa chini kwenye kizingiti, akajifunika uso kwa khanga. Tuna miaka mingi ya ndoa, na nimemwona akilia kwa misiba na kwa hasira. Siku ile alilia kwa woga, na sauti yake ilikuwa nyingine kabisa, nyembamba, kama ya mtoto. Nilitaka kumshika bega. Nikaitazama mikono yangu, nikaiacha mapajani.

Maana hilo ndilo lililokuwa likinitesa, na sikumwambia mtu. Watu waliniogopa mimi. Mimi niliiogopa mikono yangu. Nilijaribu kukumbuka ile siku ya mdomo. Nilikuwa nikiwaza nini? Hakuna. Nilikuwa nikiwaza mbolea. Mikono ilikwenda yenyewe, kama inavyokwenda siku zote, na mimi nilikuwa nikijivunia kwamba inakwenda yenyewe. Sasa nikajiuliza, kama haikuwa mimi niliyekuwa nikiiongoza, ilikuwa ikiongozwa na nani?

Siku ya tatu au ya nne simu ikaita, namba nisiyoijua.

"Fundi?" Ilikuwa sauti ya mwanamume, tulivu. "Mimi ni mtoto mkubwa wa mzee."

"Pole, ndugu yangu. Mzee anaendeleaje?"

Hakujibu hilo. "Hiyo sanamu usiiguse. Usiichome, usiiuze, usiifiche. Tunakuja."

Akakata. Nikampigia, simu haikupatikana.

Kuanzia hapo moyo wangu haukutulia. Ulikuwa ukidunda hata nikiwa nimekaa, mpaka naona fulana inatikisika. Mke wangu akasema, "Kama hutaki kwenda kwa kaka yangu, angalau nenda kituo cha afya." Nikaenda, kwa njia ya nyuma ya mashamba ili nisisalimiane na watu.

Daktari wa pale alikuwa dada mmoja aliyetoka upande wa Tanga, amevaa hijabu na sweta nene juu ya koti jeupe, kwa sababu hajaizoea baridi yetu. Alinipima presha, akakunja uso, akapima tena.

"Baba, una mawazo gani? Hii presha si ya mtu aliyekuja kwa miguu yake."

Nilikuwa nimepanga kusema nimechoka na kazi. Nikajikuta nimemweleza yote, tangu gogo la korongoni. Hakucheka, wala hakusogeza kiti chake mbali nami. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

"Huyo mzee, mara ya mwisho kuja kwako, ulimwona vipi?"

"Mzima. Tulikunywa chai."

"Alikunywa vizuri?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Chai ilikuwa imemmwagikia. Ilikuwa ikimtoka pembeni mwa mdomo ikiteremka kidevuni hadi kwenye shuka, naye hakuwa na habari. Nilimpa kitambaa. Alijifuta, akasema neno ambalo sikulielewa, ulimi ulikuwa mzito, nami nikadhani ni kwa sababu ya meno yake yaliyong'oka. Baada ya muda mfupi tu akawa anazungumza kama kawaida, akaulizia bei ya mahindi, akaondoka. Sikulifikiria tena jambo lile. Lakini asubuhi ya kesho yake niliichukua sanamu, na ndiyo siku nilipofika kwenye mdomo.

Nilimweleza hivyo daktari.

"Basi," akasema taratibu. "Kiharusi kikubwa mara nyingine hutanguliwa na kidogo. Kinakuja, kinapita, mtu anadhani amepona. Wewe ulikiona hicho kidogo, baba. Macho yako yaliona na hukujua kwamba umeona. Mikono ikaweka pale kwenye mti. Hakuna uchawi hapo."

Alinipa dawa, akaniambia nipunguze chumvi, nirudi kupimwa. Nilipotoka nje nilitegemea kujisikia mwepesi. Kwa hatua chache nilijisikia hivyo. Halafu, katikati ya shamba la maharage, nikasimama. Kama mikono yangu inaona mambo ambayo mimi sioni, basi imeshaona mangapi? Nimechonga nyuso za watu wangapi? Nikaanza kuzikumbuka moja moja, ile yenye jicho dogo, ile yenye shingo iliyovimba, nikitafuta zilikuwa za nani. Daktari alikuwa ameniondolea woga mmoja akanipa mwingine, na huu wa pili haukuwa na dawa.

Walikuja asubuhi, ukungu ukiwa bado umeshika miti. Nilisikia gari kabla sijaliona. Ilikuwa Noah nyeupe iliyojaa tope hadi madirishani. Majirani walitoka nje ya nyumba zao wakasimama mbali. Mke wangu alikuwa ameomba akae nami, nikakataa, lakini alikuja hata hivyo, akasimama pembeni yangu na mikono imekunjwa chini ya khanga.

Mtoto mkubwa alishuka kwanza. Alikuwa mtu mrefu, wa makamo, koti la suti juu ya shuka, fimbo mkononi. Wakashuka na ndugu zake wawili. Aliniangalia kwa muda kabla ya kuniamkia. Niliitikia, na nikatambua kwamba amepewa malezi mazuri na kwamba ana hasira.

"Iko wapi?" akauliza.

"Iko ndani."

"Ilete."

Nikaingia karakanani. Nikaitoa sanamu chini ya gunia, nikaibeba kifuani, uso wake ukinielekea, na nilipotoka nje nikasikia majirani wakivuta pumzi. Mtoto mkubwa hakuipokea. Aligeuka, akafungua mlango wa nyuma wa Noah, na ndani, akiwa ameegemezwa kwa mito na mablanketi, alikuwa mzee mwenyewe.

Sikujua kwamba yupo. Hakuna aliyeniambia kwamba ametoka hospitali. Alikuwa amepungua, shingo imebaki kamba, na upande wa kushoto wa uso wake ulikuwa umeteremka. Ulikuwa umeteremka kama nilivyouchonga. Sasa niliviona vyote viwili kwa pamoja, uso na uso, na nusura niuangushe ule wa mti.

"Shikamoo mzee," nikasema.

Alitoa sauti. Ilikuwa marahaba, ukiitafuta.

"Amesema hatakula mpaka aione," mtoto mkubwa alisema. "Kwa ajili hiyo tumemleta. Mimi sikutaka."

Nikaiweka sanamu mapajani mwa mzee. Aliishika kwa mkono wa kulia. Alianza na paji, akashuka puani, akapapasa shavu, akafika kwenye fundo. Hapo akasimama. Kidole chake kikaufuata mdomo wa mti hadi kwenye pembe iliyoanguka. Kisha akauinua mkono, akajipapasa mdomo wake mwenyewe. Akarudi kwenye mti. Mimi nilikuwa nikisubiri alie au anilaani. Laana ya mzee, kwetu na kwao, si jambo la kuchezea.

Mtoto mkubwa hakuweza kusubiri. "Fundi," akasema, "chukua vyombo vyako. Unyooshe huo mdomo."

"Nini?"

"Unyooshe. Sasa hivi, yeye akiwepo. Kama ulimpindisha humo, mnyooshe humo humo."

Nilimwelewa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtoto wa mtu anayemwona baba yake akilishwa kwa kijiko, na alikuwa ameshika kamba ya kwanza aliyoiona. Nilitamani kweli ningeweza.

"Haiwezekani, ndugu yangu," nikasema. "Kwenye mti huwezi kurudisha kilichotolewa. Nikisema niuinue upande huu, lazima nikate hapa na hapa. Atabaki bila mdomo kabisa."

"Jaribu."

"Nikijaribu nikaharibu, utanifanya nini?"

Fimbo yake ilisogea kidogo. Mke wangu akapiga hatua mbele yangu, na sijui hadi leo alikusudia kufanya nini. "Baba yako alikaa hapa kwangu," akamwambia yule bwana. "Kwenye kigoda kile. Alikunywa chai niliyopika mimi. Tungemtakia mabaya tungemkaribisha?"

Ndipo mzee alipogonga mlango wa gari kwa kiganja. Sote tukageuka. Alikuwa akisema kitu, akikirudia, na mate yalikuwa yakimtoka. Mtoto wake akainama, akaweka sikio, wakazungumza kwa lugha yao. Mtoto akakataa kwa kichwa. Mzee akagonga tena, kwa nguvu zaidi.

"Anasema mdomo uachwe," mtoto mkubwa akasema hatimaye, bila kunitazama. "Anasema hana sikio."

"Sikio?"

"La kushoto. Anasema umemwacha nusu. Umalizie."

Nilichonga sikio lile nikiwa nimekaa chini, kwenye mlango wa Noah, mzee akinitazama kutoka juu na watoto wake watatu wamenizunguka. Sijawahi kufanya kazi kwa woga namna ile. Sikio la mzee lilikuwa limetobolewa ujanani, ndewe yake inaning'inia kama kitanzi, na kitu chembamba kama kile kwenye mzeituni uliokauka ni rahisi kuvunjika kuliko biskuti. Sikuthubutu kufumba macho kama nilivyozoea. Sikuthubutu kuiachia mikono iende. Niliiongoza kila hatua, nikimtazama mzee, nikiutazama mti, nikipiga nyundo kwa uzito wa kugonga yai. Mara moja patasi iliteleza, kibanzi kikaruka, nikasikia mtoto mkubwa akivuta pumzi kwa meno. Nilikaa bila kusogea. Kilichoruka kilikuwa kibanzi cha ziada. Sikio lilikuwepo.

Mke wangu alileta chai, iliyopozwa kwa maziwa. Alipanda ndani ya gari, akamnywesha mzee kidogo kidogo kwa kijiko, akimfuta kidevu kwa ncha ya khanga. Mzee alikunywa. Nilimwona mtoto mkubwa akitazama pembeni, kuelekea mashambani, na mabega yake yakashuka.

Nilipomaliza kupiga msasa nikamrudishia mzee. Alilipapasa sikio, akaingiza ncha ya kidole kwenye ndewe. Upande wa kulia wa uso wake ukacheka. Akasema kitu, na safari hii nilikielewa bila mkalimani.

"Ametoka," alisema.

Waliondoka nayo. Mtoto mkubwa alinipa mkono, mkono mkavu, wa haraka, akasema tutaonana. Hakuomba radhi na sikutegemea. Ukungu ulikuwa umeshapanda, na majirani waliokuwa wamesimama mbali walianza kusogea kutaka kuuliza. Niliingia karakanani nikafunga mlango.

Mzee hajafa. Anatembea sasa, mguu wa kushoto akiuburuza, na nasikia sanamu ameiweka ndani karibu na kitanda chake, na wajukuu hawaruhusiwi kuigusa. Hapandi tena mnadani. Nimekwenda kumwona mara kadhaa, na hatuzungumzi sana, kwa kuwa maneno bado yanamsumbua. Watoto wake wananikaribisha vizuri. Huku kwetu pia mambo yalipoa. Fremu za madirisha niliagizwa tena, watoto wakarudi kuokota maranda.

Lakini walianza kuja watu wa namna nyingine. Mama mmoja alitoka kijiji cha Daudi, akaketi pale kwenye kigoda, akaniomba nimchongee mume wake. Nikamuuliza kwa ajili ya nini. Akasema, "Anakonda, fundi. Nataka nijue ni nini." Nilimweleza kwamba mimi si mganga, nikampa jina la kituo cha afya. Hakuniamini. Alinitazama kama mtu anayemwona mchoyo. Wakaja na wengine, na wote nimewarudisha, na kila mmoja anapoondoka nabaki nimejishika mikono.

Kwa muda mrefu nilichonga ndama tu. Kisha siku moja, tukipukuchua mahindi, mke wangu akasema, "Mimi hujawahi kunichonga."

"Siwezi."

"Unaogopa?"

"Naogopa nitakachokiona."

Alitupa gunzi pembeni, akachukua hindi jingine. "Na usiponichonga," akasema, "hicho kitu kitakuwa hakipo?"

Tangu siku hiyo namtazama. Namtazama akinywa chai, akifunga kilemba, akiinama kuchochea moto. Nimempeleka kwa daktari wa Tanga kupimwa presha mara nyingi kiasi kwamba daktari ananitania. Mke wangu ameshachoka na macho yangu, anasema afadhali nichonge kuliko kumchungulia kama mwizi.

Basi nimeanza. Ni kipande cha mzeituni kilichobaki kutoka kwenye gogo lile, nami nakichonga asubuhi, mlango ukiwa wazi. Mabega yametoka, na shingo, na mahali khanga inapofungwa, na yeyote anayepita anamtambua. Uso bado sijaugusa. Kila nikishika patasi narudi mgongoni, natoa kidogo hapa, kidogo pale, na mgongo umeanza kuwa mwembamba.